Ngazi

Barua mbili kwenye mlango wa friji,
zimebanwa na sumaku moja yenye sura ya kambakochi.
Moja ya chuo cha wanawake, kusini, mwendo wa saa nne kwa gari.
Nyingine ya chuo cha wote, mlimani,
ambako theluji haijaambiwa kuwa ni Aprili.
Hapa kwetu Maine ni tope tu.
Mwisho wa kujibu ni tarehe mosi Mei,
na mama anazihesabu siku anavyohesabu chenji dukani:
midomo inacheza, sauti haitoki.

Kaka yangu Luc, mkate umemjaa mdomoni:
"Miaka minne bila wavulana! Utafanya nini huko?"
Nitasoma, Luc.
"Na jioni?"
Nitasoma, kisha nitalala,
wala sitaisikia miguu yako ikipanda ngazi.

Bibi Lucienne hakucheka.
Yeye alisomeshwa na watawa, wasichana watupu,
sketi chini ya magoti, vidole vya wino.
"Usidanganywe na ukuta," kaniambia.
"Walitufundisha kunyamaza
hata pasipokuwa na mwanamume wa kumnyamazia."
Akarudi kwenye fumbo lake la gazeti,
akataka neno la herufi saba.

Darasa la fizikia, dawati la tatu.
Najibu. Mwalimu Haskell anasikia upepo.
Brock analirudia jibu langu, kalivika koti zito,
na mwalimu: "Naam! Hilo ndilo."
Si mtu mbaya, Brock. Huniazima kikokotoo chake.
Hajui kuwa anachukua,
na hapo ndipo panapouma: mwizi ungemkamata.

Machi nililala usiku mmoja kule kusini,
godoro sakafuni, chumbani kwa Winifred wa mwaka wa pili,
mwanajiolojia, mawe kila ukingo wa dirisha.
Usiku taa ya ukumbini ikaungua.
Akatoka na soksi zake, akarudi na ngazi begani,
akapanda, akabadili, akashuka,
huku ananisimulia habari za granaiti.
Hakuna aliyetazama huku na huku
kumtafuta mtu wa kuibeba ngazi.

Na kule mlimani, haki isemwe, nilipapenda.
Meza ya duara, watu kumi na wanne,
kijana aitwaye Anselm akabishana nami juu ya utashi
hadi chai ikapoa,
na alipokwama akakuna kichwa: "Umenishinda."
Sijapata kubishana vile maishani.
Ila mashine ya kurushia picha ukutani ilipozimika,
msichana wa kando yangu alikwishatoa bisibisi.
Wavulana wawili wakainuka.
Bisibisi ikarudi mfukoni, polepole,
kama kitu kilichotolewa kimakosa.
Nilitaka kumwuliza jina. Sikumwuliza.

Mama kapiga hesabu mara tatu nyuma ya bili ya umeme.
Kusini kumezidi dola mia sita kwa mwaka.
"Mia sita si kitu," akasema mama,
ambaye kwake mia sita ni matairi manne.

Tarehe ishirini na tisa, usiku, nikabofya.
Kusini.
Nikakaa gizani nikimlilia Anselm kidogo,
mtu nisiyejua hata ukoo wake.

Asubuhi, fizikia. Najibu. Brock analirudia.
Na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa:
"Hilo nimeshalisema."
Kimya. Mwalimu Haskell akageuka, chaki mkononi.
Brock akawa mwekundu hadi masikioni.
"Kweli," akasema. "Ni lake."

Nikarudi nyumbani nimevurugika.
Kama nimeweza hapa, mama, huko nafuata nini?
Mama hakuinua macho kwenye bili.
"Nenda," akasema. "Kishika nafasi kimelipwa,
dola mia tatu, na hazirudi."