Shingo ya Mama

Sisi hatuna majira ya kuchipua.
Tuna Oktoba: vumbi, mgao wa maji,
ziwa limelala kama bati la zamani,
kisha siku moja, bila kupiga hodi,
mijakaranda ya Mwanza inavaa zambarau
kabla hata haijavaa majani.

Mama alisema, "Mwaka huu nipeleke."
Nikadhani presha, nikadhani macho,
nikaanza kutafuta kadi ya Bugando mkobani.
"Si hospitali. Nataka kuona maua."
Wifi yangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini:
nauli ya meli, kwenda na kurudi, watu wawili,
kwa maua yasiyoliwa?

Miaka ishirini na miwili mama alifagia mtaa ule,
kibarua wa manispaa, tangu saa kumi na moja alfajiri,
na maua aliyajua kwa upande wa chini tu:
yalivyonata kwenye lami baada ya mvua,
yalivyoziba mfereji,
yalivyoteleza chini ya viatu vya wakubwa,
na jinsi msimamizi, Bwana Lushinge,
alivyomkata ujira wa siku nzima
kwa zambarau iliyobaki mbele ya benki.
"Maua?" alizoea kutuambia. "Takataka yenye rangi."
Nimekua nikiamini hivyo.

Tuliondoka Nansio alfajiri.
Viatu vyake alivibeba kwenye mfuko wa rambo,
akavivaa tulipoliona Jiwe la Bismarck.
Mjini hakuingiwi na ndala.
Majabali yalikuwa palepale, yamebebana mgongoni
kama watoto wasiotaka kushushwa,
na korongo wawili juu ya paa la ghala
kama makarani waliostaafu bila kiinua mgongo.

Tukapanda taratibu upande wa Capri Point.
Mti wa kwanza, akasimama.
Akainua kichwa. Shingo ikagoma:
mifupa ya kuinama ina mazoea yake.
Nikamshika kisogo, kama anavyoshikwa mtoto wa wiki,
na polepole, polepole,
uso wa mama ukafika angani.

Bodaboda akapiga honi, akatukwepa.
Ua moja lilimdondokea kwenye paji, likakaa.
Hakulifuta.
"Kumbe," akasema,
"nilikuwa nikifagia yale machache."

Wa pili aliupita bila salamu.
Wa tatu haukuwepo;
barabara imepanuliwa, kimebaki kisiki
na mtu amekipanga vocha na karanga.
Mama akanunua karanga za mia mbili,
akalipa, hakuondoka.
"Hapa," akasema, "nilikuwa nakuficha.
Lushinge akipita, nakulaza kwenye toroli,
juu ya maua. Ndiyo yaliyokuwa laini."

Nilitafuna karanga.
Sikujua niangalie wapi.

Akaja binti mwenye fagio, kajifunga uso kwa leso,
jina lake, tulimuuliza, Holo.
"Shikamoo mama, naomba nipite hapo."
Mama akasogea haraka, kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba,
kisha uzee ukamshinda nidhamu:
"Mwanangu, asubuhi upepo unashuka ziwani.
Anzia juu. Uache ukufanyie nusu ya kazi."
Holo akatazama mlima, akatazama fagio,
akapandisha toroli yake.
"Bado wanakata?" mama akamwitia.
"Wanakata, mama! Siku hizi wanakata kwa simu!"
Wakacheka wote wawili, cheko la watu wa idara moja,
na mimi, niliyelala kwenye maua yao,
nikabaki nje ya mzaha.

Meli ya saa nane. Maji yenye mawimbi.
Nyumbani, wifi akatupokea kwa mikono miwili
na macho yakienda moja kwa moja kwenye mfuko.
"Haya, mmetuletea nini kutoka Mwanza?"

Mama akavua viatu, akavirudisha kwenye rambo,
akafunga fundo.
"Shingo," akasema.
"Inauma vizuri."