Simu Inashika Ng'ambo

Nguba, saa tatu asubuhi. Parasoli yangu
imechanika upande wa jua, basi nahama na kivuli chake.
Mezani bisibisi nne, mswaki uliokwisha meno,
na kibao nilichoandika mwenyewe:
CIRHUZA. SIMU ZOTE. TUNAJARIBU.

Mama Nsimire akaja ameifunga simu kwenye leso
kama mtu anayepeleka yai kwa daktari.
"Mega nimenunua. Haziingii. Tangu Jumanne."

Nikaiweka kwenye hali ya ndege,
nikahesabu mpaka kumi kwa Kishi,
polepole, kama bibi alivyohesabu mbuzi,
nikaishusha ardhini.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikachoka.

Nikazima, nikawasha. Nikachomoa laini,
nikaifuta kwa shati (wewe usifanye hivyo),
nikairudisha. Pembeni pa kioo
likatokea jina la kampuni ya ng'ambo.

Aa, hili nalijua.
Ruzizi ni mwembamba, mtoto huuvusha jiwe;
mnara wa upande ule unatuchungulia mpaka jikoni,
na simu haina pasipoti,
inamfuata mwenye sauti kubwa.
Wengine wamelala Bukavu
wakaamka yunite zimesafiri.

Nikaikataza kujichagulia mtandao.
Orodha ikaja kwa madaha; nikagusa jina la kwetu.
Nikaenda kwenye APN: tupu.
Nikaandika herufi kwa herufi, bila nafasi mwishoni,
maana nafasi moja, isiyoonekana,
inatosha kukufungia dunia.

Mishale miwili ikaamka,
mmoja wapanda, mmoja washuka.
Yakaingia matokeo ya mpira, bei ya dola,
tangazo la mafuta ya nywele.
"Mama, imepona."
Hakufurahi.
"Na ujumbe?"

Ujumbe, kimya.

Nikatazama tarehe: sawa. Nafasi: ipo.
Nikashuka kwenye matumizi ya data,
programu moja moja, vitufe vyote kijani,
kijani, kijani,
na kimoja kijivu.

Hicho hakijifungi chenyewe.
Lazima ushuke ngazi nne, upite onyo,
ubonyeze, halafu ukubali.

"Mama, nani mwingine anashika simu hii?"

Akalitazama ziwa, ambalo halikuwa na la kutazamwa.
"Ni mimi. Mjukuu alinionyesha,
nikamdanganya ni ya kubana mega.
Ntwali wangu yuko Kalemie. Jumanne walimwingiza kupasuliwa.
Mkewe hana yunite za kupiga, anaandika tu.
Alisema ataandika akitoka."

Akakunjua leso, akaikunja.
"Nilitaka fundi aseme imekufa.
Isiwe mimi."

Pikipiki ikapita na kitanda kizima mgongoni.
Kijana mmoja alikuwa amesimama nyuma yake, anangoja zamu.
Nikasema, "Naweza kusema imekufa.
Bei ni ileile."

Akacheka kidogo, cheko la puani,
ndipo nikajua angeniambia nini.
"Fungua. Lakini usisome."

Nikabonyeza, nikailaza kifudifudi.
Ikaanza kutetemeka juu ya mbao,
ikasogea, ikagonga bisibisi,
tatu, saba, kumi na mbili, nikaacha kuhesabu.
Aliingoja inyamaze. Haikunyamaza.
Akaifunga vilevile, akaitia kifuani chini ya kitenge,
akaniwekea franka mia tano nilizozikataa,
akapanda mteremko wa Muhumba
mkono mmoja juu ya ule mtetemo,
kama unavyomtuliza mtoto ndani ya mbeleko.

Hakugeuka. Sijui.
Bukavu ina vilima vingi; mtu hupotea upesi.

Yule kijana akaketi, akaniwekea simu mezani.
Kabla sijaigusa nikamwuliza:
"Unangoja habari ya nani?"
Akaniangalia kama mtu aliyekosea meza.
"Chaji haiingii," akasema.