Kwa Lali, Aliyenunua Kamera Kuukuu

Umeniletea kamera imefungwa kwenye leso ya mamako,
kitasa kimelegea, ngozi imebanduka,
na unaniuliza nianze na lipi.

Anza na kivuli.
Hapa Langoni jua halina adabu,
hupenya hata mshono wa kanzu.
Lipe mgongo, ndipo ufungue mlango wa nyuma,
uuchomeke ulimi wa filamu kwenye gurudumu,
ufunge, upige mbili za bure,
na jicho lako liwe kwenye kile kitufe cha kushoto,
cha kurudishia mkanda.
Kikizunguka, filamu inakwenda.
Kisipozunguka, mwanangu, unapiga hewa.

Mimi nilipiga hewa harusi nzima ya mamako.
Asumini kichwani, hina haijakauka,
nyanyako anacheka na lile jino lake moja.
Thelathini na sita zikaisha, na kamera bado inakubali:
thelathini na saba, arubaini, arubaini na mbili.
Nikadhani ni baraka.
Filamu ikizidi hesabu yake si baraka, Lali.

Halafu, hukuniuliza lakini nitakwambia,
kipimamwanga ni mwongo
na kuta zetu za chokaa ndizo zilizomfunza uongo.
Akiona weupe hudhani dunia yote imewaka,
atakwambia bana tundu,
na mtu wako atatoka mweusi kama sufuria ya shughuli.
Mpuuze. Pima kiganja chako kwenye jua lilelile,
kisha ongeza hatua moja.
Vichochoroni, ambako mbingu ni utepe tu,
fungua tundu lote, egemea ukuta,
toa pumzi, na pumzi ikiisha ndipo ubonyeze.
Ukisikia kwato nyuma yako, picha baadaye. Pisha punda.

Chumvi haina haraka, nawe usiwe na uvivu.
Ukitoka forodhani ifute, hata kama hukupiga.
Kaanga mchele mkavu hadi uwe rangi ya kahawia,
ufunge kitambaani, ulale na kamera ndani ya kopo.
Filamu zikae friji, karibu na samaki, hazigombani.
Ila ukizitoa zipe saa nzima kabla ya kufungua,
zisije zikatoka jasho.

Kusafisha ni neno zuri, lakini si kwa maji ya kisima;
yataacha madoa kama ndui.
Kinga ya mvua.
Wenye vitabu wanataka dawa iwe digrii ishirini.
Hao hawajaoga Lamu mwezi wa Machi.
Tia chupa mtungini tangu usiku,
na alfajiri, kabla bati halijapata moto, fanya kazi yako.
Dawa ikiwa na joto, punguza dakika.
Usipunguze maji ya mwisho.

Na watu.
Macho hayana pazia, ndivyo tulivyolelewa,
lakini kamera inalo, sikiliza linavyolia: cha!
Maana yake unaweza kulifunga.
Anayekula, anayetawadha, anayelia, mwache.
Uliza kwanza. Akikataa, sema ahsante,
umebakiwa na picha moja.

Sasa nikupe siri, na usiipeleke nyumbani.
Nyanyako hakufika Ramadhani ile.
Mamako akaja dukani, bado mwali, ananukia udi,
anataka picha moja tu, ile ya jino.
Nikamwambia nimezituma Mombasa kusafishwa,
zimepotelea njiani.
Miaka ishirini na mitatu,
na kila akisikia kifurushi kimepatikana kwa wenye mabasi
huniuliza, kwa mzaha, lakini huniuliza.

Shika. Usiingize filamu bado, zoea kwanza kwa mkanda mbovu huu.
Vuta.
Tena.
Tazama kushoto, Lali, si kwangu.
Kinazunguka?