Marela, Themanini na Saba

Nyumba ya Bi Hermitas ni ya itale,
kuta unene wa mkono mzima, begani hadi kidoleni.
Mawimbi ya ruta hutoka jikoni kwa mbwembwe,
yakifika ukutani yananywea.

Runinga ni mpya. Mwanawe kaituma kutoka Vigo,
bapa, nyeusi, pana kuliko meza ya chakula,
na kwa siku kumi na mbili imekaa sebuleni
ikiuliza swali moja: Unganisha na mtandao?
"Kila nikipita," aniambia, "najiona humo,
nimebeba kapu la viazi.
Hiyo ndiyo stesheni yangu."

Nikaisogeza ruta dirishani. Wapi!
Nikataka kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme,
lakini umeme wa nyumba hii uliwekwa na shemeji yake,
na hapo nikaombwa nisiulize zaidi.
Basi kebo. Mita kumi na nane,
na drili iliyolia dakika arobaini
ikatoka na unga wa kijivu, ncha imevunjika.

Ndipo akanionyesha tundu
nyuma ya kabati la sahani, chini kabisa.
"Paka alikufa. Tundu halikufa."
Nikalala kifudifudi, shavu sakafuni,
nikaisukuma kebo alikopita paka,
nayo ikatokea upande wa pili na unyoya mmoja.

Imeunganishwa, ikasema runinga.
Kisha ikadai nywila.
Kebo haimuulizi mtu, kampuni huuliza,
na akaunti aliifungua marehemu Amancio,
mtu asiyeandika kitu ila bei ya majani makavu.

Tukadonoa kwa rimoti, herufi kwa herufi,
kulia, kulia, kulia, chini, sawa,
kama kuku anayetafuta punje gizani.
Jina la bibi: siyo.
Siku ya ndoa: siyo.
Mtoto: siyo.
Bibi akatazama mikono yake.
"Weka Marela," akasema. "Na themanini na saba."

Kiduara kikazunguka.
Kikazunguka.
Kikafungua.

Sikuuliza. Alijisemea, akifuta meza iliyo safi:
"Ng'ombe. Wa manjano, pembe moja imepinda.
Lita ishirini na sita kwa siku. Ndiye aliyetuezekea paa."
Kimya kidogo.
"Miaka arobaini na tisa nimelala ubavuni mwake,
na ufunguo kampa ng'ombe."
Akacheka hadi akashika kiti.

Nikamuuliza anataka kuona nini.
Nilidhani misa, au mapishi, au mvua ya kesho.
Akataka treni. Treni ya Uswisi,
iliyopigwa picha kutoka kwa dereva, saa nne nzima, bila maneno.
"Niliyasafisha mabehewa hayo miaka sita.
Vyoo, madirisha, majivu ya sigara.
Mbele sikuwahi kukaa."

Nikaandika ankara: kebo, mita kumi na nane.
Kutoboa ukuta: hakuna.
Reli zikaja zikipita chini yake,
theluji kulia, ziwa kushoto,
stesheni ambazo jina lake alilitaja kabla ya kibao.

Kisha mlima. Skrini ikawa nyeusi,
na humo nikamwona, kapu magotini,
nami nyuma yake na bisibisi.
Nikanyoosha mkono kuelekea kebo.

"Ni handaki," akasema. "Refu.
Usiguse kitu."