Kiapo cha Tarishi

Mimi, Shaame Faki, tarishi wa mahakama, Chake Chake,
naapa na kusema kama ifuatavyo:

kwamba Jumatatu alikuja mfilisi, faili kwapani,
kijana wa Unguja, viatu vyake havijaujua udongo wetu,
akaomba kwa mrajis wito wa shahidi:
aje mwenyewe, aje na daftari.
Akalipa ada, akapewa risiti.
Muhuri ulikuwa umekauka wino; karani akaupumulia
kama anayeliamsha kaa la moto,
ukashika mara ya pili, umepinda kidogo.
Amri iliyopinda muhuri ni amri.

Kwamba nilipewa nakala mbili na nauli ya shahidi,
elfu sita, kwenda na kurudi,
maana mahakama haimwiti mtu kwa gharama yake.

Kwamba nilipanda vespa hadi Wete.
Kiapo hakiulizi nilisimama mara ngapi njiani.
Nilisimama mara tatu.
Mara moja, petroli. Mbili, sina jibu.

Duka la Msellem Bakari lina kufuli mbili,
moja yake, moja ya serikali.
Kibao bado kinasema: MABATI SARUJI RANGI NJOO TUELEWANE.
Tulikwenda. Tulielewana.
Leo yeye ndiye muflisi, na sisi twasema masikini,
mtu mwema yule, biashara tu hakuijua.

Bi Mize Kombo anakaa Limbani, nyuma ya skuli.
Miaka kumi na tisa alishika kalamu ya duka lile.
Sheha akatangulia, akapiga hodi, akanionesha kwa kidevu:
"Ndiye huyu," kana kwamba hatujuani.
Alikuwa anachambua mchele. Hakusimama.
"Ya kwangu hiyo? Nisomee. Miwani iko kwa fundi."

Nikasoma.
Ufike mbele ya mahakama, tarehe kumi na moja, saa tatu,
bila ya kukosa, pamoja na daftari la mikopo,
lote, kurasa zote.
Hapo pa "kurasa zote" sauti yangu ilikwenda kando
ikakohoa.

Yeye yuko na chuya zake.
"Ukurasa wa arubaini na moja," akasema, bila kuniangalia,
"mabati kumi na nane, misumari kilo mbili,
nyumba ya mama yako.
Ulilipa Ramadhani moja. Ya pili ukasema mfungo mosi."
Sheha akamtazama mbuzi wa jirani kwa makini sana.

Mama halijui deni. Anaijua mvua.
Kila masika hujifunika akisema, bati hili lina sauti nzuri;
mimi hulala nikihesabu, tone, tone, elfu, elfu.

"Karatasi kuukuu hizi," akasema. "Nyuzi zimelegea.
Ukurasa huweza kudondoka, Wete hadi Chake si karibu.
Wewe ndiye mahakama. Niambie, nije nalo vipi?"

Naapa kwamba nilinyamaza
muda wa kuchambua ungo mmoja.
Naapa kwamba nilisema: "Lote, Bi Mize."
Sijui kama ulikuwa uaminifu,
au kwa kuwa sheha alikuwapo.

Akatia saini bila miwani, mwandiko wa mtu wa hesabu,
akahesabu nauli, akarudisha elfu moja.
"Gari ni elfu mbili na nusu.
Mimi msinitie daftarini."

Kwamba wito aliupokea shahidi mwenyewe, mkono kwa mkono,
saa nne na robo asubuhi;
kwamba haukubandikwa mlangoni wala kuachiwa mtoto;
kwamba yote niliyoyaeleza ni kweli
kwa kadiri ya ujuzi wangu.

Karani anauliza kama kuna la kuongeza.
Nje mvua imeanza.
Paa la hapa ni la zege. Halisemi kitu.