Mizani ya Nane

Huku chini hatuingii na kalamu ya wino.
Penseli tu, na mikono mikavu,
na sweta, hata Januari, maana karatasi hupenda baridi
kuliko sisi tunaozilinda.
Juu yetu Nairobi inapiga honi, inachoma mahindi,
inabomoa jengo moja kila wiki.
Hapa kinachosikika ni mashine ikinywa unyevu wa hewa
na kuutema ndooni, tone, tone.
Kumwaga ndoo ni kazi yangu. Haimo kwenye mkataba.

Mwezi wa tatu alikuja binti, Mishi, kutoka Pumwani,
akauliza kama tuna chochote cha nyanyake,
Zenabu Feruzi, aliyezalisha wanawake usiku
na kutunga mashairi mchana.
Daftari zake saba ziliungua pamoja na kitanda na cherehani.
Nikatafuta kwa jina: hakuna.
Kwa mtaa: hakuna.
Kwa mwaka: risiti za sukari za mtu mwingine.

Nilimpata kwa adui yake.

Kasha 214, hati za Mwalimu Mselemu Kea, mhakiki,
mwandiko mdogo kama sisimizi waliofunzwa gwaride.
Kurasa tisa za kumsuta "mama mmoja wa Pumwani
anayedhani shairi, kama mtoto, hutoka likitaka."
Na ili amsute sawasawa, ilibidi amnukuu:

    Nimeuza kanga yangu, nikanunulia wino,
    Shairi hili ni langu, ni langu kwa kila neno,
    Zibeni kinywa changu, nitasema kwa mkono.

Chini ya *zibeni kinywa changu* amepiga mistari miwili.
Pembeni: *Saba! Hesabu vidole, mama.*

Nilihesabu, kwa vidole, kama alivyoagiza.
Ni saba kweli.
Basi hiyo ndiyo mirathi: mishororo mitatu,
mmoja kilema,
imekaa ndani ya dharau miaka yote hiyo
kama nyama ndani ya chumvi.
Mishi aliinakili kwa penseli. Hakulia.
Aliuliza choo kiko wapi.

Agosti, Onguko wa mitambo alifungua kreti la redio
lililokuja bila orodha, akatoa utepe unaonuka siki.
Juu yake neno moja tu: *Jumanne.*
"Huu utazunguka mara moja," akasema. "Labda."
Stima ilikuwa imepotea mara mbili asubuhi hiyo.
Tukawasha hivyo hivyo, tukinasa nakala.

Kiti kinalia. Mwanamume anasema, tayari, mama.
Kikohozi.
Kisha sauti, wala si tamu,
sauti ya mtu aliyezoea kuamuru *sukuma*,
inapita kanga, inapita wino, inafika

*zibeni*

na hapo anakata. Anavuta pumzi kwa pua,
kama mtu aliyebanwa kiganja mdomoni,
pumzi nzima, ya kupimika, ndipo

*kinywa changu.*

Utepe ulikatika kabla ya kipindi kwisha.
Tukarudia nakala, Onguko akihesabu mezani kwa bisibisi:
zi, be, ni,
pumzi,
ki, nywa, cha, ngu.

Fomu ya orodha inadai lugha, muda, mada, hali ya kifaa.
Haina nafasi ya pumzi.
Nimeiandika kwenye "Mengineyo".

Hairuhusiwi kuandika juu ya hati ya mtu, hata akikosea,
hata akiwa amekufa na hawezi kukasirika.
Kwa hiyo nimekata kikaratasi, nikakichomeka ukurasa wa sita:
*Tazama pia: utepe 31, dakika ya nne.*
Huo ndio ubishi wote nilio nao.
Mwalimu, ulikuwa na sikio la macho tu.
Lakini ungempenda kidogo, ungemtaja kwa jina,
ukamsifu kwa sentensi moja, ukapita,
na leo nisingekuwa na cha kuhesabu.

Mishi anakuja Ijumaa.
Nimemwambia alete sweta.