Mshono wa Muyeye

Aliyeikata njia panda hii hakupima.
Nasema kama fundi. Mwaka wa kumi na tisa huu
niko na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la Shekue,
naiona kila siku: shati la mikono mitano,
mkono mmoja umeshonewa shingoni.
Njia ya msikitini inashuka mbio kama mtoro wa deni,
ya kisimani inapinda ghafla nyuma ya ukuta wa mawe,
vichochoro viwili vinachungulia tu,
na hii mpya, ya lami, ya mahotelini,
imeingia katikati bila hodi.

Nani ampishe nani?
Boda atakwambia: aliyetangulia kupiga honi.
Tuktuk atakwambia: mwenye abiria.
Msukuma mkokoteni wa maji hajibu,
mitungi ishirini haisimamishwi kwa maneno.
Mgeni akituuliza njia tulikuwa tukimwambia,
vuka kwanza, ukifika mzima
tutakuelekeza.

Tukicheka.
Hadi Jumanne ile Nyevu wa Kahindi,
darasa la pili, alipotokeza upande wa kisimani
na mkate kwapani.
Nilisikia breki kabla sijaona.
Nilikuwa natia uzi kwenye tundu la sindano
na mpaka leo sijui uliingia au haukuingia.
Mguu ulivunjika mara mbili. Shukuruni, watu wakasema.
Mkate ulibaki barabarani mpaka magharibi,
vyombo vikiukwepa, kimoja baada ya kingine,
kwa adabu ambayo mtoto hakuipata.

Tukaandika barua. Injinia wa kaunti akaja,
akavuta futi yake ndefu ya chuma,
akapiga picha, akanywa soda ya Shekue,
akasema, bajeti ijayo.
Nawajua wateja wa aina hiyo:
hupimwa kifua, hupimwa kiuno,
husifu kitambaa,
hawarudi.

Ndipo Bi Mwanatumu alipotoka na kioo.
Cha kabati lake la arusi, kirefu cha mtu mzima,
kona moja imeliwa na chumvi.
"Kitundikeni pale ukutani," alisema.
"Mimi nikijitazama humo siku hizi namwona mama,
naye hanisalimu."
Kahindi akapanda ngazi na nyundo.
Aliyeishika ngazi chini ni Badi,
kijana wa boda, yule yule wa Jumanne.
Hawakusemezana.
Misumari ndiyo iliyosema na ukuta.

Nami nikainama barabarani na chaki yangu ya nguo,
nikachora kama nichoravyo pindo:
simama hapa, kunja hapa.
Vijana wakafuata nyuma kwa chokaa.
Matairi matatu ya lori tukayajaza mchanga,
tukayaweka kati, kila mtu ayazunguke
kama uzi unavyozunguka kifungo.

Basi njoo uone.
Boda wanapunguza mwendo, na si kwa woga.
Wanajitazama!
Huyu anaweka kofia upande, huyu ukosi,
wasichana wa sekondari wanafunga mitandio upya
na tuktuk nzima inawangoja.
Mabango tungeyapita. Sura zetu
hatuwezi kuzipita.

Lakini mvua ikinyesha chokaa inakwenda na maji,
kila Ijumaa naanza tena na chaki.
Hii ni bandi tu, nawaambia wanaonipongeza,
ya kushikiza nguo isiachane.
Mshono wenyewe bado,
na magoti yangu si ya kaunti.

Nyevu hupita saa moja kasoro, akichechemea kidogo.
Yeye hajitazami.
Anakisoma kile kioo kama barua ya mtu mwingine,
anatafuta kilicho nyuma ya ukuta,
midomo inahesabu,
kisha anavuka.
Na mimi mguu wangu huwa juu ya kanyagio, haushuki,
mpaka nimwone ng'ambo.